Dampo la kisasa lina tabaka la mfinyanzi chini. Hilo tabaka linadumu miaka mingapi kabla majimaji ya taka hayajalitafuna?

#1 Jirani wa Dampo
Wakuu, salaam.

Huku kwetu kuna dampo la kisasa (mji siutaji, wenyeji mtajijua). Wakati linajengwa tuliitwa kwenye mkutano wa mtaa, mhandisi akatuambia chini kumewekwa laina ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, unene sentimita 60, na kwamba mfinyanzi haupitishi maji, ni kitu cha milele. Tukapiga makofi, tukanywa soda, tukarudi majumbani.

Sasa kisima cha jirani yangu, kilicho upande wa mteremko, maji yamebadilika ladha. Yana chumvichumvi, hata chai ukipika unaisikia. Na dampo lenyewe halijafikisha miaka kumi.

Swali langu: yale majimaji meusi yanayotoka kwenye taka yanaweza kuula mfinyanzi? Fundi mmoja hapa anasema taka zina asidi na asidi haina mswalie Mtume. Mwingine anasema ni kinyume chake, uchafu unauziba mfinyanzi na unazidi kuwa imara. Wajuzi karibuni.

#2 Kijiko Kikuu
Ngoja nivute kiti.

#3 Mzee wa Mtungi
Aliyewaambia mfinyanzi haupitishi maji hajawahi kuishi na mtungi. Mtungi wa bibi ulikuwa unatoka jasho usiku kucha, ndiyo maana maji yake yalikuwa baridi. Mfinyanzi unapitisha maji, ila kwa kunyata.

#4 Bibi Kemia
Mzee, shikamoo. Mtungi umechomwa, na ukishachomwa hauvimbi wala hausinyai tena, vitundu vyake vimeganda hivyohivyo. Chini ya dampo ni udongo mbichi, una maji ndani yake, na tabia yake inategemea kilichomo kwenye hayo maji. Hapo ndipo swali la mleta uzi linapopata maana.

Chembe za mfinyanzi ni bapa, nyembamba kuliko unavyoweza kuona kwa darubini ya shuleni, na nyuso zake zina chaji hasi. Kwenye maji matamu kila chembe inajizungushia wingu la maji na ioni zenye chaji chanya. Mawingu hayo yanasukumana, chembe zinakaa zimetawanyika, na njia ya maji kati yake inakuwa finyu na yenye kona nyingi.

Sasa leta majimaji ya taka: kloridi, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, potasiamu, amonia, vyote kwa mamia hadi maelfu ya miligramu kwa lita. Chumvi ikizidi, wingu linasinyaa. Kalsiamu na magnesiamu zenye chaji mbili zinalisinyaza zaidi. Chembe zinakaribiana, zinashikana mafungumafungu, na kati ya fungu na fungu panabaki uwazi mkubwa. Udongo ni uleule, uzito uleule, lakini maji yamepata barabara.

Kwa hiyo "kutafunwa" sikubali. Asidi ya dampo changa ni pH 5 au 6, na dampo likikomaa inapanda kupita 7. Kuyeyusha mfinyanzi wenyewe kunahitaji asidi kali kuliko hiyo. Kinachoharibika ni mpangilio.

#5 Mwalimu wa Fizikia
Bibi Kemia kaeleza, mimi nilete namba.

Kipimo kinachotumika sehemu nyingi kwa laina ya mfinyanzi ni upenyezaji (wepesi wa udongo kupitisha maji) usiozidi sehemu moja ya bilioni ya mita kwa sekunde. Kanuni za Marekani za 1991 zinataka angalau sentimita 60 za udongo wa namna hiyo, na juu yake jiomembreni, yaani karatasi ya plastiki isiyopitisha maji. Ulaya, kwa mwongozo wao wa 1999, wanataka mita nzima kwa dampo la taka za kawaida.

Zidisha kwa sekunde za mwaka mzima, unapata sentimita 3.15. Sentimita 60 gawanya kwa 3.15 ni miaka 19. Dampo la mleta uzi halijafika hata 10. Ama mfinyanzi umeharibika kweli, ama kisima kina ugonjwa mwingine.

#6 Nyundo ya Dodoma
Mwalimu, hiyo hesabu imeacha vitu viwili na vyote vinakula miaka yako.

Kwanza, juu ya laina kuna majimaji yamesimama. Chukua kina cha sentimita 30, ambacho ndicho cha juu kabisa kinachoruhusiwa na kanuni hizohizo za Marekani. Msukumo unakuwa 90 (30 za majimaji na 60 za laina) gawanya kwa 60, yaani 1.5. Pili, maji hayapiti kwenye udongo wote, yanapita kwenye vitundu tu, na vitundu ni karibu asilimia 40 ya ujazo. Ukiweka hivyo viwili, maji yanatembea sentimita 12 hivi kwa mwaka. Sentimita 60 ni miaka 5.

Na hiyo ni laina nzima, haina ufa, haijaguswa na kemikali yoyote! Kwa hekta moja inapitisha kama lita 1,300 kwa siku huku ikiwa imefaulu mtihani. Ndiyo maana wenzetu wanaweka plastiki juu yake. Jirani, uliza kama kwenu plastiki iliwekwa.

#7 Mwalimu wa Fizikia
Nimekuelewa mkuu. Ila hizo sentimita 30 nani anazilinda? Kuna mtu anaingia chini ya taka na rula?

#8 Roli la Miguu ya Kondoo
Naona mnapigana kemia na hesabu wakati mfinyanzi unauawa kabla lori la kwanza la taka halijapita getini.

Nimeshindilia kwenye mradi mmoja wa dampo, mji siutaji. Inavyotakiwa ni hivi: unamwaga tabaka la sentimita 15 hivi, unamwagia maji mpaka unyevu uzidi kidogo kile kiwango ambacho udongo unashindilika vizuri zaidi, yaani asilimia 2 hadi 4 juu yake, kisha roli la miguu ya kondoo, lile lenye vinundu, linaukanda mpaka mabonge yote yafe. Mabonge ndiyo adui. Udongo mkavu ukishindiliwa unaonekana mgumu kama barabara, wahandisi wanaokuja kutembelea wanaukanyaga na kutingisha kichwa, lakini ndani bonge limebaki bonge na maji yanapita katikati yao.

Sisi boza la maji lilikuwa moja, nalo linagombaniwa na watu wa barabara. Ijumaa tumemaliza tabaka, hakuna wa kulifunika. Jumamosi jua, Jumapili jua. Jumatatu unakuta nyufa zinameza kidole. Msimamizi akasema pitisha greda juu, mwaga tabaka linalofuata. Ufa haufi kwa kufunikwa.

Na cheti tulipata. Maabara walipima kipande kidogo kilichoshindiliwa vizuri kwenye silinda yao, kikafaulu. Huko Texas, mtafiti David Daniel aliandika mwaka 1984 kwamba laina zilizopimwa uwanjani zilipitisha maji mara 10 hadi 1,000 zaidi ya sampuli za maabara. Mara elfu! Kemia gani inafikia hapo?

#9 Kijiko Kikuu
"Pitisha greda juu" 😂😂 hapo nimeitambua nchi yangu.

#10 Dandora Awamu 4
Niaje wadau. Huku Nairobi hatuna hata hiyo anasa ya kubishania laina. Dandora lilianza 1975 kwenye machimbo ya zamani ya mawe, likatangazwa limejaa 2001, na malori yakaendelea tu kuingia. Chini hakuna cha mfinyanzi ulioshindiliwa wala plastiki. Mto Nairobi uko hapo kando. Kwa hivyo mkisema laina ya kwenu imevuja, sisi tunawaonea wivu kwa kuwa na kitu cha kuvuja.

Roli ameguza mahali panapouma. Ule udongo mweusi wa kwetu, kuanzia Embakasi mpaka Athi River, kiangazi unapasuka mkono unaingia, mvua ikinyesha unafura na kubeba ukuta wa nyumba. Juzi nimesikia jamaa akisema huo ndio mzuri wa laina kwa vile ukilowa haupitishi kitu. Nimecheka peke yangu kwa matatu.

#11 Mbongo wa Ontario
Nimefanya kazi za maabara ya udongo huku Canada kwa miaka kadhaa, na suala hili limechimbwa, tena kwa maana halisi ya kuchimba.

Hofu ya kemikali ilianzia Texas mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watafiti Brown na Anderson walipitisha vimumunyisho (vimiminika vya kuyeyushia) vitupu kwenye mfinyanzi: asetoni, methanoli, zailini. Upenyezaji ukapaa mara mamia. Watu wakaogopa kwelikweli. Lakini ni dampo gani la manispaa linatoa asetoni tupu? Hapa Chuo Kikuu cha Western Ontario, Fernandez na Quigley wakarudia wakichanganya vimumunyisho na maji. Maji yakiwa sehemu kubwa ya mchanganyiko, hakuna cha maana kilichotokea. Na udongo ukikandamizwa na uzito kabla ya kuguswa na kemikali, madhara yalipungua sana, kwa sababu nyufa hazipati nafasi ya kufunguka.

Halafu kuna Keele Valley, dampo la Toronto lililofungwa 2002. Laina yake ilikuwa mfinyanzi wa mita 1.2, na walizika vipimo chini yake. Kadiri miaka ilivyokwenda, upenyezaji ulishuka. Kwa hiyo yule fundi wa pili wa Jirani, anayesema uchafu unauziba mfinyanzi, asidharauliwe. Bakteria wanaota, chembe ndogondogo zinanasa, kalsiamu inaganda kuwa chokaa ndani ya vitundu.

#12 Bibi Kemia
Ontario, asante, ila usitulishe matango pori ya baridi. Mfinyanzi wa huko uliachwa na barafu ya zamani, una ilaiti nyingi (aina mojawapo ya mfinyanzi) na una chokaa yake tayari. Ilaiti haivimbi sana, kwa hiyo haina mengi ya kupoteza. Chukua smektaiti, aina inayovimba sana, ambayo ndiyo imejaa kwenye udongo mweusi wa Dandora Awamu 4 na kwenye mbuga zetu, umwagie amonia na potasiamu kwa miaka. Ioni hizo zina ukubwa unaozifanya zijibane kati ya tabaka na tabaka la chembe na kuzivuta pamoja. Udongo unasinyaa ukiwa umelowa vilevile! Hiyo haihitaji jua la Jumapili la Roli.

Na huko Keele Valley, uzito wa taka wenyewe si ulikuwa unaubana mfinyanzi? Umejuaje ni bakteria na siyo uzito?

#13 Mbongo wa Ontario
Yote mawili. Kutenganisha ni kazi.

#14 Bibi Kemia
Basi usimpe ushindi fundi wa pili mapema hivyo.

#15 Mzee wa Mtungi
Marahaba binti, nimekubali la kuchomwa. Lakini mbona mnasema "mfinyanzi" kana kwamba ni kitu kimoja? Mfinyanzi wa vyungu haujawahi kuwa mmoja. Kuna unaopasuka ukikauka, mpaka uutie mchanga au vigae vya kusaga. Kuna mweupe wa Pugu usiovutika hata kidogo, huo hata chungu cha maua unakushinda. Kwenye huo mkutano wa soda mliuliza udongo umetoka wapi?

#16 Bibi Kemia
Hilo ndilo swali la uzi mzima, mzee. Ule mweupe wa vilima vya Pugu ni kaolini. Kaolini inashika ioni chache sana, pengine chini ya sehemu moja ya kumi ya kile inachoshika smektaiti. Uzuri wake: majimaji ya taka hayaishtui, leo na baada ya miaka ishirini ni ileile. Ubaya wake ni huohuo, haizuii sana risasi na kadimiamu zinazopita. Smektaiti inashika uchafu vizuri na inapitisha maji kidogo mno siku ya kwanza, ila ndiyo inayobadilika. Wenye mradi wanachagua kwa namba ya siku ya kwanza.

Udongo mwekundu wa mlimani nao una mambo yake: oksidi za chuma zinaugandisha vijibongebonge. Ukiukanda vizuri unakubali.

#17 Ami wa Mkunguni
Assalaam aleikum. Sisi Unguja chini ni mawe ya matumbawe, maji yakimwagika asubuhi jioni yashafika baharini. Mfinyanzi wa kushindilia mita nzima twautoa wapi? Nimeona watu wauza mikeka ya bentonaiti, inakuja imeviringishwa. Hiyo vipi?

#18 Nyundo ya Dodoma
Ami, waaleikum salaam. Huo mkeka ni bentonaiti ya sodiamu, mfinyanzi wa jamii ya smektaiti, iliyobanwa kati ya vitambaa viwili, unene haufiki hata sentimita mbili. Kwa maji matamu ni kiboko: gramu 2 za unga zinavimba mpaka mililita 24 au zaidi kwenye silinda, na upenyezaji wake ni chini hata ya kile kipimo cha Mwalimu.

Tatizo ni sodiamu. Kalsiamu ya majimaji ya taka, au hata ya chokaa ya hayo matumbawe yako, inaingia, sodiamu inatoka. Gramu zilezile 2 hazivimbi tena hivyo. Mikeka iliyofukuliwa Marekani na Ujerumani kwenye vifuniko vya madampo ilikutwa imeshabadilishwa ndani ya miaka michache tu, na ile iliyokauka baada ya kubadilishwa haikurudi hali yake hata ilipolowanishwa tena.

Na angalieni vipimo vya maabara. Mtu anapitisha majimaji wiki mbili, anaona upenyezaji haujabadilika, anaandika "haukuathirika". Kubadilishana kwa ioni kwenye bentonaiti kumewahi kuchukua zaidi ya miaka miwili maabarani kabla ya kutulia. Usipoacha maji yaliyokuwemo kwenye vitundu yatoke yote na kemia ya kinachotoka ilingane na ya kinachoingia, hujapima kitu.

#19 Wa Kampala
Nyie mnaongelea kuvuja, dampo letu la Kiteezi lilianguka zima. 10 Agosti 2024, watu zaidi ya 30 wakafa. Dampo lilifunguliwa 1996 na lilikuwa na mtambo wa kusafisha hayo majimaji. Je, huo haukuwa mfinyanzi umelainika chini?

#20 Roli la Miguu ya Kondoo
Poleni sana ndugu. Kuanguka kwa mlima wa taka na kuvuja kwa laina ni kesi mbili. Taka zikirundikwa wima na mvua ikaingia, majimaji yanajaa ndani na kuziondolea mshiko. Hazihitaji mfinyanzi mbovu ili zianguke. Ila wa kulaumiwa ni mmoja: majimaji yaliyokosa pa kutokea.

#21 Kijiko Kikuu
Hapo Roli umejichoma kisu mwenyewe. Kumbe si wewe na greda lako tena, ni majimaji kukosa njia?

#22 Nyundo ya Dodoma
😂 Kijiko, leo umeongea.

Hapo ndipo mimi nasimama, na ndilo jibu la swali la Mwalimu pale #7. Juu ya laina huwa kuna tabaka la kokoto na mabomba yenye matundu ya kukusanya majimaji. Dampo changa linatoa kalsiamu nyingi ikiwa imeyeyuka. Asidi ikipungua, bakteria wakila, kalsiamu inaganda kuwa chokaa kwenye kokoto na kwenye matundu ya mabomba. Taka zetu nyingi ni mabaki ya chakula na majani, zimejaa maji kuliko za Ulaya, kwa hiyo majimaji ni mengi na makali. Mabomba yakiziba hakuna anayejua, juu watu wanaendelea kumwaga.

Weka sasa kina cha mita 3 badala ya sentimita 30. Msukumo ni 3.6 gawanya kwa 0.6, yaani 6. Zile lita 1,300 kwa hekta zinakuwa lita 5,200 kwa siku. Ile miaka 5 inakuwa miezi 15. Mfinyanzi haujaguswa na kitu, kemia ya Bibi sifuri, nyufa za Roli sifuri.

#23 Roli la Miguu ya Kondoo
Na kukiwa na nyufa zangu juu ya hizo mita 3?

#24 Nyundo ya Dodoma
Basi jirani wa Jirani achimbe kisima kingine wilaya nyingine.

#25 Mchimba Visima
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyekitazama kisima. Mnamhukumu mtuhumiwa bila maiti kupimwa.

Kisima kina choo cha shimo umbali gani? Mikojo ya binadamu ina kloridi tele, na mitaa yetu nyumba ishirini zina vyoo ishirini. Pili, ukanda wa kati wa nchi, Dodoma na Singida, visima vingi vina chumvi ya asili, ukichimba zaidi inazidi, na kiangazi kirefu kinaongeza. Arusha nako wana floraidi ya volkano. Ulimi wenyewe unaanza kuhisi kloridi ikikaribia miligramu 250 kwa lita, kwa hiyo kabla ladha haijabadilika kitu kilikuwa kinapanda muda mrefu kimyakimya.

Pima kloridi, nitrati, amonia na potasiamu kwa pamoja. Nitrati ikiwa juu na amonia karibu hakuna, mimi natazama choo kwanza. Amonia na potasiamu zikipanda pamoja na kloridi, natazama dampo.

#26 Bibi Kemia
Naongeza tahadhari hapo. Amonia na potasiamu ndizo zinazoshikwa na mfinyanzi njiani, zinachelewa. Kloridi haishikwi na chochote. Inaweza kutangulia kufika kisimani miaka mingi kabla ya wenzake, kwa hiyo kukosa amonia hakulisafishi dampo.

#27 Mbongo wa Ontario
Bibi kaleta jambo ambalo sote tumelipita. Kloridi haihitaji hata maji yatembee. Inasambaa yenyewe kutoka palipo na chumvi nyingi kwenda palipo na kidogo, hata laina iwe kamilifu kiasi gani. Kwa sentimita 60 za mfinyanzi, dalili za kwanza zinafika upande wa pili ndani ya miaka michache. Kule Sarnia, hukuhuku Ontario, Quigley na wenzake walichimba mfinyanzi wa asili chini ya dampo miaka ya 1970: metali nzito zilikwama karibu na juu, kloridi na sodiamu zilikuwa zimekwenda mbali zaidi, na maji yenyewe yalikuwa karibu hayasogei.

Kwa hiyo inawezekana laina ya Jirani haina kasoro hata moja na bado kloridi imepita.

#28 Kijiko Kikuu
Sasa hii nayo? Yaani mkandarasi hana kosa, mhandisi hana kosa, majimaji hayana kosa, ila chai ina chumvi?

#29 Mchimba Visima
Kusambaa kwa namna hiyo kutoe chumvi ya kuonja kwenye kisima, baada ya kuchanganyika na maji yote ya ardhini? Mimi sikubali. Dalili za kipimo sawa, za ulimi hapana.

#30 Mbongo wa Ontario
Inategemea maji ya chini yanakwenda kasi gani na kisima kiko umbali gani.

#31 Mchimba Visima
Kila kitu kwako kinategemea bosi.

#32 Mama Ploti
Samahanini kuingilia. Nimeuziwa kiwanja nusu kilometa kutoka dampo la zamani, wamefukia na kupanda majani. Ni salama?

#33 Mzee wa Mtungi
Mama, Dar yenyewe imehamahama na taka. Watu wa Tabata walishitaki, kesi ya 1988, mahakama ikaamuru jiji liache kumwaga pale. Zikapelekwa Kunduchi Mtongani, nako wakazi wakaenda mahakamani 1991. Baadaye Vingunguti, Mtoni, sasa Pugu Kinyamwezi. Hapo kote watu wamejenga na wanaishi. Kisima tu usichimbe.

#34 Mama Ploti
Asante baba.

#35 Roli la Miguu ya Kondoo
Na msingi wa nyumba, Mama, taka za chini zinazama miaka mingi. Jenga nje ya eneo lililofukiwa, siyo juu yake.

#36 Jirani wa Dampo
Wakuu nimerudi, asanteni. Nimeuliza na kutembea.

Plastiki iliwekwa, ila kwenye nusu moja ya dampo. Nusu nyingine ni mfinyanzi mtupu, fedha zilikata. Udongo ulitoka mbugani, mweusi. Bwawa la kukusanya majimaji liko upande wa chini na mlinzi anasema tangu mwaka juzi linaingia maji kidogo sana hata masika. Yeye anaona ni dalili nzuri. Choo cha jirani kiko hatua kama ishirini kutoka kisimani.

#37 Nyundo ya Dodoma
Bwawa linapokea kidogo HATA MASIKA? Mabomba yameziba. Majimaji yamesimama juu ya laina. Sina la kuongeza.

#38 Bibi Kemia
Udongo mweusi wa mbugani, bila plastiki, miaka karibu kumi ya amonia. Nami sina la kuongeza, ila nitaongeza: Nyundo, kina cha mita 3 kinaharakisha vilevile kemia kufika chini. Usijifanye ni sababu mbili tofauti.

#39 Roli la Miguu ya Kondoo
Bwawa linapokea kidogo kwa sababu majimaji yanashukia kwenye nyufa kabla hayajafika kwenye bomba. Mbona hamlioni hilo?

#40 Mchimba Visima
Hatua ishirini. Choo.

#41 Mwalimu wa Fizikia
Roli na Nyundo wanaweza kupimwa. Mkitoboa kishimo cha uangalizi kwenye taka juu ya bomba na kukuta maji yamesimama juu, ni Nyundo. Mkikuta pakavu, ni Roli.

#42 Nyundo ya Dodoma
Kutoboa taka karibu na laina? Mtoboaji akipitiliza tutakuwa na sababu ya sita.

#43 Mama Ploti
Joto je? Shemeji yangu alifanya kazi dampo anasema ukichimba ndani mvuke unatoka.

#44 Mbongo wa Ontario
Swali zuri kuliko mengi humu. Chini ya taka joto la nyuzi 30 hadi 40 ni la kawaida. Linaharakisha kloridi kusambaa, linachosha plastiki mapema, na mfinyanzi ulio chini ya plastiki yenye joto unaweza kukauka kwa chini, unyevu ukihamia kwenye udongo wa baridi. Kwa hiyo hata ile nusu yenye plastiki nisingeiapia.

#45 Roli la Miguu ya Kondoo
Kukauka, nyufa. Asante Ontario, karibu upande wangu.

#46 Jirani wa Dampo
Sasa nipime nini kwanza? Jirani ana hela ya vipimo viwili tu.

#47 Mchimba Visima
Kloridi na nitrati. Chukua na sampuli ya kisima kingine kilicho juu ya dampo, upande ambao majimaji hayawezi kupanda. Bila hicho cha kulinganisha, namba yoyote utakayopata ni ya kubishania tu.

#48 Bibi Kemia
Kloridi na amonia. Nitrati utaikuta kila kisima cha mtaa huo, haitakuambia kitu.

#49 Jirani wa Dampo
Visima viwili, vipimo viwili kila kimoja, hiyo si tayari ni vinne?